Lutindi na ufundi wa waliokuja kuuguza akili

Mwaka 1896, juu ya mlima Lutindi katika Usambara, upande wa Korogwe, Wakristo wa Kijerumani wa chama kilichoitwa Evangelischer Afrikaverein walifungua nyumba ya watoto waliotolewa utumwani. Miaka minane baadaye, mwaka 1904, nyumba ile ile ikaanza kupokea watu wazima waliorukwa na akili. Ndiyo iliyokuwa hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili katika koloni lote la Kijerumani la Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na wagonjwa wangali wanapokewa.

Sisi wa pwani ya kusini tuna sababu yetu ya kuikumbuka. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa walioteremshwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na bandari ndogo za jirani, Kiswere ikiwemo, hazikuwa mbali na biashara hiyo. Sultani Barghash alipotia saini mwaka 1873 mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, wafanyabiashara waligeukia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa kwa miguu, ikapita nyuma ya Dar es Salaam hadi Pangani, na kutoka huko watu wakavushwa Pemba kwa siri. Mwaka 1876 njia hiyo nayo ikapigwa marufuku. Ukilifuata bonde la mto Pangani kutoka baharini unafika Korogwe, na ukiinua macho unaiona milima ambako Lutindi ilijengwa. Kabla ya kupokea kichaa wa kwanza, nyumba ile ilikwisha kuwa mahali pa watu walioumizwa na binadamu wenzao.

Historia za hospitali kwa kawaida huandikwa kwa majengo: bati liliezekwa lini, wodi ilizinduliwa na nani. Ya Lutindi inafaa kusimuliwa kwa kuuliza walioingia pale kuuguza walikuwa wamesomea nini kabla hawajafika. Katika ugonjwa wa akili, kuliko katika magonjwa mengi, mgonjwa hupata ile tiba ambayo anayemwuguza alikuja nayo. Aliyefunzwa kulinda atalinda, aliyefunzwa kulima atampa mgonjwa jembe, na aliyefunzwa kuandika dawa ataandika dawa.

Waliomwuguza mgonjwa wa Lutindi mwaka 1904 hawakuwa madaktari. Walikuwa mashemasi kutoka Bethel, makazi ya wagonjwa kando ya mji wa Bielefeld yaliyoanza mwaka 1867 kama nyumba ya wenye kifafa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikabidhiwa makazi hayo mwaka 1872, na mwaka 1877 ikafunguliwa pale nyumba ya mashemasi iliyoitwa Nazareth. Vijana waliojiunga nayo wengi walitoka katika familia za wakulima na mafundi. Walifundishwa Biblia, walifundishwa kumwosha na kumlisha mgonjwa, kukaa na mwenye kifafa mpaka azinduke, na zaidi ya yote kufanya kazi naye bega kwa bega. Bodelschwingh aliamini kwamba mgonjwa anayeweza kushika kazi anastahili kupewa kazi, na Bethel ilikuwa na mashamba na karakana zake.

Huo ndio ujuzi uliopanda Usambara. Kwa hiyo Lutindi ikawa shamba kabla ya kuwa hospitali kwa maana tunayoijua. Hata leo mgonjwa aliyetulia kule huchuma chai au hufanya kazi katika karakana, na kazi hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Siku hizi ufundi huo una masomo yake rasmi: watoa tiba kwa kazi husomea katika hospitali ya KCMC, Moshi, na hufundishwa kwa kitabu na mazoezi kile ambacho mashemasi walikuja nacho kwa imani na desturi.

Mtu anaweza kuuliza: hospitali ya akili bila daktari wa akili, si ilikuwa kuwadhulumu wagonjwa? Naona jibu ni kutazama daktari bingwa wa Berlin wa mwaka ule ule alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na bromidi ya kumtuliza mgonjwa, mabafu ya maji ya uvuguvugu, na mlango wa kufunga. Dawa ya kwanza iliyoweza kweli kupunguza sauti anazosikia mgonjwa wa skizofrenia, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kwa takriban nusu karne ya kwanza ya Lutindi, daktari na shemasi walikuwa karibu sawa katika uwezo wa kuponya. Tofauti ilikuwa katika namna ya kukaa na mgonjwa, na hapo mkulima wa Bethel hakuwa nyuma.

Sisemi hivyo kuwatakasa. Walikuja chini ya bendera ya koloni lililowafunga watu wengine minyororo kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1905, mwaka mmoja tu baada ya Lutindi kupokea wagonjwa, vita vya Maji Maji vilianzia huku kwetu katika milima ya Umatumbi. Nyumba yao ilikuwa ya misheni, na sala za misheni zilikuwa sehemu ya siku ya kila aliyelala pale, awe Mwislamu wa pwani au mtu asiye na dini ya kitabu.

Wakati huo huo pwani yetu ilikuwa na waganga wake waliosoma. Mwalimu aliyeandika kombe kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha kwa maji na kumnywesha mgonjwa, alikuwa amekaa chuoni miaka mingi. Fundi wa ngoma za pepo naye alipitia mikononi mwa aliyemtangulia, na hakushika kibuyu kabla hajaruhusiwa. Mgonjwa alihamia uwanjani kwa mganga, mara nyingi na mama au dada yake wa kumpikia, akakaa hata miezi. Wengine walifungwa kamba au magogo miguuni, na hilo lisifichwe. Lakini jamaa walikuwepo, wakiona kila kinachotendeka. Hospitali za mbali zilikuja kulipoteza jambo hilo, na juhudi za kulirudisha zimechukua miaka mingi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza waliitwaa nchi, na mwaka 1927 wakafungua hospitali ya akili ya serikali Dodoma, kwenye reli ya kati. Ndiyo Mirembe. Baadaye ikaongezeka Isanga, ya watu ambao mahakama zimewakuta na makosa lakini akili zao hazikuwa timamu. Hapa taaluma ya kwanza ilikuwa ya utawala. Katika makoloni ya Kiingereza ya wakati ule, daktari wa serikali alihamishwa kutoka malaria kwenda upasuaji, kutoka upasuaji kwenda gereza, kutoka gereza kwenda kwa vichaa, na karatasi iliyompeleka mgonjwa ilikuwa ya hakimu kama ilivyokuwa ya daktari. Mtu wa Kiswere aliyepelekwa huko alisafiri zaidi ya kilomita 700, akavuka Rufiji, akapanda treni Dar es Salaam, akashuka kwenye nchi kavu ya Wagogo ambako hakuna aliyemjua. Wa kumpikia hakuwepo.

Jinsi madaraka yalivyoweza kutangulia ujuzi inaonekana vizuri zaidi Nairobi. Hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, ilikabidhiwa mwaka 1938 kwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Stashahada ya fani hiyo aliipata baadaye, akiwa tayari ameshika hospitali miaka kadhaa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika juu ya Mau Mau, akiwaeleza watu waliopigania ardhi yao kama watu wenye tatizo la nafsi. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyekuwa daktari wa akili huko Blida, Algeria, alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961. Ninamtaja Carothers katika historia ya Lutindi kwa sababu wote wawili, yeye na mashemasi, walianza bila shahada ya fani. Wao waliacha shamba na wodi. Yeye aliacha nadharia iliyowadhalilisha watu ambao wengi wao hakuwahi kukutana nao nje ya kuta za hospitali.

Karibu na kwetu zaidi, Mahenge, safari ilikwenda kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall. Alikuta watu wa kifafa wamekimbiwa: mwenye kuanguka akila peke yake, akilala peke yake, na akianguka motoni watu wanaogopa kumvuta kwa hofu ya kuambukizwa na povu. Akaanzisha kliniki, akagawa fenobabito, na akaandika alichokiona, pamoja na watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa namna ambayo miaka mingi baadaye ilikuja kuwashughulisha watafiti Sudan Kusini na kaskazini ya Uganda. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kusomea magonjwa ya akili, na akamalizia kazi yake Kanada akiwa daktari wa akili, akijulikana kwa jina la Jilek-Aall. Wagonjwa wa Mahenge ndio waliompeleka katika fani. Bethel ilianza na kifafa, Mahenge nayo. Kwenye zahanati nyingi za Lindi na Kilwa hadi leo daftari la afya ya akili na daftari la kifafa yanakaribia kuwa moja, na hilo lina maana yake, kwani aibu inayowapata wagonjwa hao na jamaa zao ni ile ile.

Uhuru ulipokuja, nchi haikuwa na madaktari wa akili wa kutosha hata kwa wodi moja kubwa. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Miongoni mwa waliofundisha huko katika miaka ya mwanzo alikuwa Mmarekani Charles Swift, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu cha afya ya akili ya Afrika pamoja na Tolani Asuni wa Nigeria. Nigeria ilikuwa na jambo la kutufundisha: tangu mwaka 1954, huko Aro, Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa vijijini pamoja na jamaa zao, wakija hospitalini kwa matibabu na kurudi jioni. Tanzania ikajaribu njia yake, ikafungua vijiji vya kilimo karibu na hospitali, mgonjwa akilima huku akitibiwa. Mtu wa Lutindi angevitambua mara moja.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa ulianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha yake ilikuwa tabibu na muuguzi wa zahanati: wafundishwe kumtambua mwenye skizofrenia, mwenye sonona na mwenye kifafa, watoe dawa za msingi, na wasimpeleke Dodoma kila anayepiga kelele. Wauguzi wa akili ndio waliozunguka, wakifundisha na kufuatilia. Kwa miaka mingi hao wameibeba fani hii nchini kuliko daktari yeyote. Gad Kilonzo wa Muhimbili, mmoja wa maprofesa wa kwanza Watanzania katika magonjwa ya akili, alizieleza huduma hizi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuonyesha zilipodhoofika. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni kwa waliozama katika heroini, chini ya uongozi wa daktari wa akili Jessie Mbwambo. Kazi hiyo ilileta kwenye meza moja fani ambazo mashemasi wasingezijua: mfamasia, mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii, na vijana walioacha dawa za kulevya ambao sasa huwatafuta wenzao vijiweni.

Pwani ya kusini ilichelewa katika mengi ya hayo. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake, kivuko cha Ndundu kilipokwama wakati wa masika, hata mgonjwa mwenye barua ya rufaa alikwama. Madaktari bingwa wa akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki tano, na wengi wako mijini. Kwa hiyo swali la Lutindi ya 1904 ndilo swali la Kiswere ya sasa: aliyepo zahanati amefunzwa nini? Akiwa muuguzi mkunga aliyehudhuria semina ya siku chache ya afya ya akili, ataweza kumchoma mgonjwa sindano ya kila mwezi, kumwuliza mama mtu kama mwanawe analala na anakula, na kutambua siku ambayo mambo yamezidi uwezo wake, ampeleke hospitali ya Kinyonga au ya Sokoine. Asipofunzwa, atamwona mgonjwa akipita barabarani na hatamwita. Dawa ikikatika miezi miwili, hata aliyefunzwa vizuri hurudishwa nyuma, na mgonjwa hurudi kwenye kamba.

Kuna pengo moja katika kumbukumbu za Lutindi, na za Mirembe pia, ambalo lingefaa kuzibwa wakati taasisi hizi zinaadhimishwa. Majina ya wachungaji, mashemasi na madaktari wakuu yamehifadhiwa. Wahudumu waliolala wodini, waliojua Kisambaa, Kigogo na Kiswahili, waliomtafsiria daktari maneno ya mgonjwa na kumshika mgonjwa usiku alipotaka kukimbia, wachache mno wameandikwa. Hawakuwa na cheti, lakini walikuwa na ujuzi, na wengine waliurithisha kwa watoto wao waliokuja kuwa wauguzi wenye vyeti. Dayosisi na wizara zingeweza kutuma watu wenye daftari na kinasa sauti katika vijiji vya Usambara na mitaa ya Dodoma, wakae na wazee waliofanya kazi hizo na wajukuu wao, waulize majina, miaka, na nani alimfundisha nani. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na daftari lingegharimu kidogo kuliko jiwe la ukumbusho.