Besiboli: Wapigaji nyota wakizeeka, nani abebe lawama?

KATIKA miji ya Marekani inayouenzi mchezo wa besiboli, kuna mjadala unaofufuka kila timu inapopoteza makali ya kufunga. Mashabiki humgeukia mchezaji aliyevuka umri wa miaka 30, ambaye misimu michache tu iliyopita walikuwa wakimwimbia sifa, na kuulizana iwapo wakati wake umekwisha. Baadhi hutaka awekwe kando mara moja kabla hajaizamisha timu. Wengine hushikilia kwamba mtu aliyewaletea kombe hapaswi kutupwa kama ganda la muwa.

Mji wa Philadelphia, ulioko katika jimbo la Pennsylvania, uliishi na mjadala huo kwa misimu mitano, kuanzia 2012 hadi 2016. Kisa cha klabu yake, Philadelphia Phillies, kinafaa kuchunguzwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kelele za uwanjani hulificha. Mchezaji hana namna ya kukwepa uzee. Mwenye kupaswa kuulizwa ni klabu iliyomlipa ujira wa ujana wakati ujana wenyewe ulikuwa ukimponyoka, na ambayo haikuandaa warithi.

Kwa nini umri huonekana upesi

Besiboli, kama kriketi, ni pambano baina ya mrushaji na mpigaji mwenye gongo. Mrushaji husimama umbali wa mita 18.44 kutoka kituo cha mpigaji. Mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde. Katika muda huo anapaswa kuuona, kutambua aina yake, kuamua iwapo ataupiga au atauacha, kisha kulizungusha gongo. Macho yakififia au misuli ikilegea hata kidogo, mpira huwa umeshapita.

Isitoshe, tofauti baina ya shujaa na mzigo ni ndogo mno. Mpigaji anayehesabiwa kuwa bora hupata pigo safi mara 30 kwa kila majaribio 100, na huandikwa kuwa na wastani wa 0.300. Anayepata mara 23 huanza kutiliwa shaka. Tofauti yao ni mapigo saba tu katika majaribio 100. Kwa hivyo, mchezaji aliyekosa bahati kwa mwezi mmoja aweza kuwa na takwimu zinazofanana kabisa na za mtu aliyezeeka, na hapo ndipo mashabiki huanza kuvutana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti wa takwimu za besiboli, Bill James, alionyesha kwamba wapigaji wengi hufikia kilele wakiwa na umri wa karibu miaka 27. Hata hivyo, chini ya kanuni za ligi kuu, mchezaji hulazimika kutimiza miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kujiuza kwa klabu aitakayo. Wengi hupata uhuru huo wakikaribia miaka 30 au wakiwa wameshaipita. Aidha, mkataba ukishatiwa saini, fedha zake hulipwa zote hata kiwango cha mchezaji kikishuka. Ndiyo maana klabu nyingi hununua miaka ya kushuka kwa bei ya miaka ya kupanda.

Enzi ya neema

Phillies, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1883, ilikuwa imetwaa ubingwa wa World Series mara moja tu, mwaka wa 1980, kabla ya kizazi cha wachezaji watatu iliowalea yenyewe. Hao walikuwa Jimmy Rollins na Chase Utley, wote wawili waliozaliwa 1978, na Ryan Howard aliyezaliwa 1979.

Howard, jitu la miraba minne lililopiga kwa mkono wa kushoto, alivusha mpira nje ya ua wa uwanja mara 58 mwaka wa 2006 na kutuzwa kuwa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Rollins aliitwaa tuzo hiyo mwaka uliofuata. Msimu huo wa 2007, Phillies walipata mikimbio 892, wakiwa kileleni mwa ligi yao kwa ufungaji. Mnamo 2008 waliwashinda Tampa Bay Rays na kutawazwa mabingwa. Lilikuwa taji la kwanza kwa Philadelphia katika ligi nne kubwa za Marekani tangu 1983, na kizazi kizima cha mashabiki kilikuwa kimekua bila kuonja ushindi. Timu iliongoza kundi lake kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2011.

Mnamo Aprili 2010, klabu ilimwongezea Howard mkataba wa misimu mitano wenye thamani ya dola milioni 125. Alikuwa na umri wa miaka 30, na mkataba wake wa zamani ulikuwa bado na misimu miwili. Fedha hizo mpya zilianza kulipwa mwaka wa 2012, Howard akiwa na miaka 32.

Mchezo ulioigeuza hadithi

Oktoba 7, 2011, Phillies waliwaalika St. Louis Cardinals katika mchezo wa tano na wa mwisho wa robo fainali. Walikuwa wameshinda michezo 102 msimu huo na kila mmoja aliwaona kuwa mabingwa watarajiwa. Walifungwa 1-0. Mpigaji wa mwisho alikuwa Howard. Alipokuwa akikimbilia kituo cha kwanza baada ya pigo dhaifu, kano ya kisigino chake cha kushoto ilikatika, akaanguka huku wapinzani wakisherehekea.

Baada ya hapo hakurejea kuwa yule wa awali. Wastani wake ulikuwa 0.219 mwaka wa 2012 na 0.223 mwaka wa 2014, kisha ukafika 0.196 mwaka wa 2016. Timu nayo iliteremka. Mnamo 2013 ilipata mikimbio 610 pekee, na mwezi wa Agosti mwaka huo kocha Charlie Manuel, aliyekuwa ameiongoza kutwaa ubingwa, akafutwa kazi. Mwaka wa 2015 ilipoteza michezo 99.

Hoja za pande mbili

Mashabiki wa Philadelphia wanajulikana kwa kuwazomea hata wachezaji wao wenyewe, na Howard hakusazwa. Waliotaka aondoke walitaja mshahara wake, nafasi aliyomzibia kijana, na idadi ya mara alizotoka kwa kuukosa mpira, iliyofika 190 mwaka wa 2014. Aidha, walisema mbinu ya kumzuia ilikuwa imeshajulikana. Wapinzani waliwahamisha walinzi wao kuelekea upande wa kulia, ambako mipira yake mingi ilikwenda, na kumnyima mapigo ambayo zamani yangekuwa halali yake.

Waliomtetea walijibu kwamba msimu huo huo wa 2014 alivusha mpira nje ya ua mara 23, na mapigo yake yaliiletea timu mikimbio 95. Wakosoaji walisema takwimu hiyo hupotosha, kwa kuwa humtegemea mwenzake aliyetangulia kufika kwenye vituo. Lakini watetezi walikuwa na hoja nyingine iliyokuwa nzito zaidi: kama Howard alikuwa mbovu, mbona hakukuwa na kijana wa kumnyang'anya nafasi?

Takwimu za timu zinaipa nguvu hoja hiyo. Kutoka mikimbio 892 ya mwaka wa 2007, Phillies walikuwa wameshashuka hadi 713 mwaka wa 2011, kabla Howard hajaumia. Ushindi wa michezo 102 uliletwa zaidi na warushaji mahiri, wakiwemo Roy Halladay, Cliff Lee na Cole Hamels, ambao ubora wao ulifunika udhaifu wa wapigaji. Isitoshe, ufungaji ulipungua katika ligi kuu nzima, kutoka wastani wa karibu mikimbio 4.8 kwa timu katika kila mchezo mwaka wa 2007 hadi karibu 4.2 mwaka wa 2013. Zaidi ya theluthi moja ya anguko la Phillies ilikuwa sehemu ya wimbi lililozikumba timu zote.

Badala ya kutafuta vijana, klabu iliongeza wakongwe. Ilimchukua Michael Young mwishoni mwa 2012 na Marlon Byrd mwishoni mwa 2013, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 36. Rollins hakuuzwa hadi Desemba 2014, na Utley alifuata Agosti 2015. Aliyetaka kuvuna alikuwa amesahau kupanda.

Si kila mkongwe ni mzigo

Hata hivyo, historia inawaonya mashabiki wasiharakishe kuchimba kaburi. Mwaka wa 2009, David Ortiz wa Boston Red Sox, akiwa na miaka 33, alicheza hadi Mei 20 bila kuvusha mpira hata mmoja nje ya ua, na wengi wakasema amekwisha. Mwaka wa 2013 alitajwa mchezaji bora wa World Series. Alistaafu 2016 akiwa na miaka 40, baada ya msimu wa wastani wa 0.315 na mapigo 38 ya kuvusha ua.

Albert Pujols naye alipitia njia ndefu zaidi. Kwa misimu 11 akiwa St. Louis, alikuwa na wastani wa 0.328 na mapigo 445 ya kuvusha ua. Desemba 2011 alikubali mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 240 na Los Angeles Angels. Wastani wake huko ulikuwa 0.256. Timu ilifuzu kwa mchujo wa ubingwa mara moja tu, mwaka wa 2014, ikapoteza michezo yote mitatu, na Mei 2021 ikamwachilia. Lakini ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Pujols alirudi St. Louis mwaka wa 2022 akiwa na miaka 42, akavusha mpira mara 24 na kustaafu akiwa na jumla ya mapigo 703.

Siri ya wawili hao ilikuwa kupewa kazi inayowiana na umri. Ortiz alicheza katika Ligi ya Marekani, ambayo tangu 1973 huruhusu mpigaji maalumu asiyelazimika kulinda uwanja. Pujols alirejea mwaka ambao Ligi ya Taifa iliikubali kanuni hiyo kwa kudumu, na zaidi alitumiwa dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto, ambao aliwamudu. Howard hakupata nafuu hiyo. Alilazimika kukilinda kituo cha kwanza kwa mguu ulioumia. Hata ile mbinu ya kuwahamisha walinzi iliwekewa mipaka kuanzia 2023, yeye akiwa ameshastaafu.

Swali limerudi

Howard aliichezea Phillies kwa mara ya mwisho Oktoba 2, 2016, na siku hiyo mashabiki walisimama kumshangilia. Klabu haikurejea kwenye mchujo wa ubingwa hadi 2022, ilipofika World Series na kushindwa na Houston Astros.

Safari hii pia imefunga mikataba mirefu. Bryce Harper alitia saini mwaka wa 2019 kwa miaka 13 na dola milioni 330, mkataba utakaokwisha 2031 akiwa na miaka 39. Trea Turner alipewa miaka 11 na dola milioni 300 mnamo Desemba 2022, hadi atakapokuwa na miaka 40. Timu iliongoza kundi lake mwaka wa 2024 na 2025, lakini mara zote mbili iling'olewa katika robo fainali, na mashabiki wakaanza kuulizana iwapo magongo yake yameanza kuchoka.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hilo linajulikana siku mkataba unapotiwa saini, na mashabiki husherehekea siku hiyo kwa sababu wanataka kombe la msimu ujao. Mizani ya haki ingekuwa kukumbuka sherehe hiyo miaka kumi baadaye, mpira unapompita mtu waliyemshangilia, na kuiuliza klabu iwapo imemwandaa wa kushika gongo lake.