Breki za gari: Kazi ya kufanya nyumbani na ya kumwachia makanika

WAPENZI wa magari wanaojitengenezea vyombo vyao nyumbani huanza na kazi nyepesi, kama vile kubadilisha oili ya injini na plagi. Ujasiri unapokua, huingia katika mifumo miwili inayodai uangalifu zaidi: ule unaofikisha nguvu za injini kwenye magurudumu, na ule wa breki. Tofauti ya mifumo hiyo ni kubwa. Gari ambalo klachi yake imeharibika hukwama barabarani. Gari ambalo breki zake zimefungwa vibaya halikwami, na hapo ndipo hatari ilipo.

Dereva anapokanyaga pedali, pampu kuu husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Katika breki za diski, msukumo huo husogeza pistoni iliyo ndani ya kalipa, nayo pistoni huzibana pedi dhidi ya diski inayozunguka. Katika breki za drami, viatu viwili vya breki hutanuliwa hadi viguse ukuta wa ndani wa drami. Kwa njia zote mbili, mwendo hugeuzwa kuwa joto. Kasi ikiongezeka maradufu, tuseme kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, joto linalopaswa kumezwa na breki huongezeka mara nne.

Kubadilisha pedi

Hii ndiyo kazi ya breki inayofaa zaidi kufanyiwa nyumbani. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10, na watengenezaji wengi hushauri zibadilishwe zinapobakia milimita 3. Mlio mkali wakati wa kufunga breki ni dalili ya kwanza. Sauti ya chuma kusaga chuma huonyesha kuwa pedi zimekwisha na diski inaliwa.

Gari huegeshwa mahali tambarare penye sakafu ngumu, na magurudumu yanayobaki chini huwekewa vizuizi. Nati hulegezwa kidogo kabla ya gari kuinuliwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Uzani wa gari hubebwa na stendi za chuma, kwani jeki inaweza kuteleza au kushuka ghafla. Matofali na mawe hayafai kwa kazi hii, maana hupasuka bila kutoa ishara.

Kalipa ikishafunguliwa, hutundikwa kwa waya ili isining'inie kwenye bomba lake la mpira. Pistoni hurudishwa ndani polepole huku mafuta ya breki yakichunguzwa yasifurike kwenye chombo chake, kwa sababu huharibu rangi ya gari. Diski nayo hupimwa, kwani unene wa chini unaokubalika kwa kawaida huwa umechongwa juu yake. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo, maana pedi na viatu vya zamani vilikuwa na asbesto, inayosababisha saratani.

Kosa linalowaponza wengi huja mwishoni. Baada ya pistoni kurudishwa ndani, pedali huwa haina nguvu yoyote kwa mikanyago ya kwanza. Ni lazima ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu.

Mafuta ya breki

Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya kiwango cha DOT 3 hupaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka yakiwa mapya, lakini kiwango hicho hushuka hadi 140 yakishaingiwa na maji. Kwa DOT 4, viwango ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, dereva anayeshikilia breki mfululizo huweza kuyachemsha mafuta yaliyochakaa. Mvuke hubanika kirahisi, hivyo pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupendekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na madereva hufunzwa kushuka kwa gia ndogo. DOT 5, iliyo ya silikoni, haichanganywi kamwe na hizo nyingine.

Ekseli za mbele

Katika magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, viungo vya ekseli hufunikwa kwa mpira uliojazwa grisi. Mpira ukipasuka, grisi humwagika na mchanga huingia. Baadaye husikika sauti ya kugongagonga gari linapokata kona. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpira ukibadilishwa mapema, kiungo huponea, sauti ikishaanza, aghalabu kiungo chenyewe hununuliwa upya.

Ya kumwachia fundi

Pampu kuu, mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu, na mfumo wa kielektroniki unaozuia magurudumu kujifunga huhitaji vifaa na ujuzi ambao wengi hawana nyumbani. Pedali inayozama taratibu ikikanyagwa, au mafuta yanayopungua bila sababu, ni dalili za kuliacha gari lilipo na kumwita makanika.

Hata kazi ndogo ikikamilika, nati hukazwa kwa mpangilio wa msalaba, kisha gari hujaribiwa kwa mwendo wa chini mahali pasipo na watu. Nati hizo hukaguliwa tena baada ya kilomita chache. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali salama, na wajibu huo haupungui kwa kuwa mwenye gari amelitengeneza kwa mikono yake.