Uhalali wa Barabarani katika Mbio za Robo Maili: Historia ya Gari Moja Mbele ya Sheria Nyingi

Katika mbio za robo maili, ambazo wapenzi wake huziita dragi, magari mawili husimama sambamba, taa za kuanzia huwaka, na mshindi hujulikana baada ya mita 402. Miongoni mwa madaraja mengi ya mchezo huu limo moja lenye utata kuliko mengine: daraja la magari yanayodaiwa kuwa halali barabarani. Gari la daraja hili huwa na injini ya mashindano, lakini pia lina nambari za usajili, bima, taa na honi, na mwenye nalo huweza kudai kwamba alitoka nalo nyumbani kwenda dukani. Makala hii inachunguza historia ya dai hilo katika nchi kadhaa. Hoja inayojengwa ni kwamba uhalali haukuwahi kuwa sifa iliyomo ndani ya gari lenyewe. Ulitokana na swali ambalo kila dola iliamua kuliuliza, na mtu iliyeamua kumwuliza. Kwa kuwa maswali hayo hayakulingana, wanamichezo walifika mahali pa kutunga kipimo chao wenyewe.

Chimbuko la mchezo ni kusini mwa California. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana walikuwa wakipunguza uzito wa magari yao, wakarekebisha injini na kuyapima kasi kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Shirika la kusimamia majaribio hayo, SCTA, liliundwa mwaka 1937. Baada ya vita idadi ya vijana hao iliongezeka na mbio zikaingia mitaani, jambo lililowaudhi polisi na magazeti. Mwaka 1950 mbio zilianza kuendeshwa kibiashara katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, aliasisi chama cha NHRA. Lengo lake lilikuwa kuziondoa mbio barabarani na kuzipeleka mahali palipo na sheria, waamuzi na gari la wagonjwa. Mashindano ya kwanza ya kitaifa ya chama hicho yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955.

Hapa kuna jambo ambalo masimulizi ya mchezo huu hulipita haraka. Katika miaka hiyo ya mwanzo magari mengi yalifika uwanjani kwa magurudumu yake yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutangaza kwamba gari lake ni halali barabarani. Sifa hiyo ilianza kupata thamani pale ilipotoweka: magari ya mashindano yalipokuwa membamba, marefu, yasiyo na taa wala bodi, yakiletwa uwanjani juu ya trela. Kwa mtazamo wa makala hii, gari halali la barabarani ni zao la utengano huo, na wanaolieleza kama mabaki ya enzi ya Santa Ana wanageuza mpangilio wa matukio.

Sheria ya Marekani ilipokuja kuligusa gari kwa uzito, ilianza na mtengenezaji. Sheria ya Kitaifa ya Usalama wa Magari ya mwaka 1966 iliiwezesha serikali kuu kuweka viwango, lakini ilimwachia mtengenezaji kuthibitisha mwenyewe kwamba gari lake jipya linavitimiza. Marekebisho ya mwaka 1974 yalikataza watengenezaji, wauzaji na karakana kuzima vifaa vya usalama vya gari lililokwisha kuuzwa. Mwenye gari hakutajwa. Fundi anayelipwa angeweza kushtakiwa kwa kazi ambayo mteja wake angeweza kuifanya mwenyewe nyuma ya nyumba bila kuvunja sheria hiyo. Yaliyobaki yalikuwa mikononi mwa majimbo, nayo hayakufanana: Pennsylvania iliwataka wenye magari wayapeleke kukaguliwa kila mwaka, ilhali Michigan, kitovu cha tasnia ya magari, haikuwa na ukaguzi kama huo kwa magari ya watu binafsi.

Sheria ya hewa ilikuwa kali zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 1990, Sheria ya Hewa Safi inamkataza mtu yeyote, akiwamo mwenye gari, kuondoa vifaa vya kupunguza moshi. California nayo ilianzisha ukaguzi wa moshi wa mara kwa mara mwaka 1984, na baadaye magari yote ya toleo la 1975 na ya nyuma yake yakasamehewa. Mstari huo wa tarehe umeacha alama inayoonekana hadi leo kwenye viwanja vya mbio. Chevrolet Nova na Camaro za miaka ya 1960 zinapendwa kwa wepesi wake, kwa nafasi kubwa ya injini na kwa kumbukumbu za ujana wa wenyewe. Sababu hizo ni za kweli. Lakini bodi ya mwaka 1969 ina faida nyingine isiyoimbwa: mkaguzi wa moshi hana la kuliuliza, hata kama chini ya boneti hakuna kilichobaki cha mwaka huo.

Ujerumani ilichagua njia tofauti kabisa. Kanuni zake za usajili wa magari, StVZO, zina mizizi katika mwaka 1937, na zinamwekea mwenye gari mzigo ambao Mmarekani hakuwekewa. Badiliko linaloweza kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara, au linaloharibu hali ya moshi na kelele, hukifuta kibali cha gari kutumika. Ili kukirudisha, gari hupelekwa kwa mhandisi mtaalamu, kwa mfano wa TÜV, naye hulipima na kuandika ripoti. Dola ya Ujerumani haiulizi nani aliliuza gari. Inauliza nani ameidhinisha kila kilichobadilishwa. Tofauti hii ilipata sura ya kimataifa katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1958, ambao chini yake vipuri huidhinishwa na mamlaka ya nchi na kupigwa chapa ya herufi E. Marekani haikujiunga nao. Tairi laini la mbio linalouzwa Marekani likiwa na herufi DOT limethibitishwa na aliyelitengeneza tu. Likivuka bahari, herufi hizo hazimshawishi mkaguzi aliyezoea kutafuta E, ingawa mpira ni uleule.

Uingereza inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu swali lake ni la kifalsafa kuliko mengine. Mchezo ulifika huko kwa juhudi za Sydney Allard, na ziara ya madereva wa Kimarekani mwaka 1964, miongoni mwao Don Garlits, iliwavutia watazamaji kwenye viwanja vya zamani vya ndege. Miaka miwili baadaye Santa Pod ilifunguliwa juu ya mojawapo ya viwanja hivyo. Ukaguzi wa MOT, uliokuwapo tangu 1960, ulipima hali ya gari: breki, taa, usukani, kutu. Haukuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Kikwazo kilikuwa mahali pengine, katika utaratibu wa alama wa mamlaka ya usajili, ambao kwa miaka mingi uliamua kama gari lililobadilishwa sana litabaki na nambari zake. Zilihitajika alama 8. Fremu ya asili isiyobadilishwa ilipewa 5. Giaboksi, ekseli, usukani na mfumo wa springi vilipewa 2 kila kimoja. Injini ilipewa 1. Kwa hiyo mtu angeweza kuongeza nguvu ya injini mara kumi na kupoteza alama moja, lakini akikata fremu ya nyuma ili tairi pana ziingie, alipoteza alama tano na gari lake likahitaji kuidhinishwa upya, likipewa nambari zinazoanza na herufi Q. Dola ya Uingereza haikuogopa kasi. Iliogopa kudanganywa kuhusu utambulisho: je, hili bado ni gari lililosajiliwa? Vauxhall Victor la Andy Frost, maarufu kwa jina la Red Victor, ni mfano mzuri wa ugumu wa swali hilo, maana jina na sura vilidumu huku kilichomo kikijengwa upya toleo baada ya toleo.

Sweden ilikabidhi sehemu ya kazi kwa wajenzi wenyewe: chama chao, SFRO, hukagua magari yaliyojengwa au kubadilishwa na watu binafsi kabla ya ukaguzi wa usajili. Japani, kwa upande wake, ilitegemea ukaguzi wa lazima wa shaken chini ya sheria ya mwaka 1951, na haikulegeza masharti ya marekebisho hadi 1995. Gharama za shaken ni miongoni mwa sababu zilizosukuma magari ya Kijapani yaliyotumika kuelekea bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kenya nayo huyapokea kwa sharti kwamba yasizidi umri wa miaka 8. Umri unaolisamehe gari California ndio unaolizuia bandarini Mombasa.

Katika hali hiyo, neno halali lilikuwa limechoka. Mwaka 2005 jarida la Hot Rod lilianzisha Drag Week: siku tano za mbio katika viwanja mbalimbali, na kati ya kiwanja na kiwanja washiriki waliendesha magari yaleyale barabarani, jumla ya takriban maili 1,000, bila gari la kuwasaidia. Tairi za mbio na zana zilivutwa kwenye trela ndogo nyuma ya gari lenyewe. Nyaraka bado zilihitajika, lakini uamuzi halisi ulitolewa na joto, foleni na mvua. Magari ya kasi zaidi yalikuja kukamilisha robo maili chini ya sekunde 7 na bado yakamaliza safari. Australia ilipata mashindano ya aina hiyo mwaka 2014, Drag Challenge ya jarida la Street Machine.

Umbali ni kipimo cha haki kuliko cheti, kwa maoni ya mwandishi, lakini haukuiondoa sheria. Majimbo ya Marekani hutambuana usajili, kwa hiyo gari lililosajiliwa katika jimbo lisilo na ukaguzi hupita kihalali katika jimbo ambalo lisingelisajili. Kiwango halisi cha safari nzima kiliwekwa na jimbo lenye masharti machache kuliko yote.

Kuna mgongano mwingine ambao hakuna dola kati ya hizi iliyoutatua kikamilifu. Kadiri gari linavyozidi kasi, kanuni za NHRA hudai fremu ya mabomba ya chuma kumzunguka dereva, na dereva avae kofia ngumu. Uwanjani mabomba hayo huokoa maisha. Barabarani dereva huivua kofia, na bomba lilelile hubaki karibu na kichwa chake kitupu, kwenye gari ambalo pengine limekwisha kuondolewa vifaa vya kiwandani vya kupunguza madhara ya ajali. Washiriki huyafunika mabomba kwa sifongo nzito kabla ya kuanza safari ya kwenda kiwanja kinachofuata.