Posho ya Kinyonga

Mwaka nilipoacha chuo, kabla sijamaliza mwaka wa tatu, nilirudi nyumbani kwa mamangu, kule Kericho inapopakana na Bomet, na laptopu iliyopasuka kioo. Kazi niliyopata ilikuwa kuandika makala za mtandaoni kwa mteja ambaye hadi leo simjui jina. Jioni moja akanitumia mada: namna ya kumlisha mjusi wa kishungi. Maneno elfu moja, kesho asubuhi yawe tayari.

Mjusi huyo sikuwa nimewahi hata kumsikia. Nikaanza kusoma. Kwao ni New Caledonia, visiwa vilivyo chini ya Ufaransa katika bahari ya Pasifiki. Wanasayansi walimpa jina 1866, kisha akapotea machoni mwao hadi wakadhani amekwisha duniani, mpaka alipoonekana tena 1994. Leo anafugwa sebuleni kote Marekani na Ulaya. Porini hula matunda yaliyoiva, maji matamu ya maua na wadudu. Ukimpa ndizi tupu kila siku unamuua polepole, kwa sababu ndizi ina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mifupa yake italainika hadi taya lilegee. Anataka unga maalum wa matunda uliokorogwa na maji, pamoja na nyenje walionyunyiziwa kalsiamu. Na hao nyenje wenyewe lazima wawe wameshiba vizuri kabla hawajaliwa.

Mamangu alikuwa ameketi kando ya jiko, akipumzisha vidole baada ya siku nzima ya kuchuma majani. Nikamsomea. Akacheka kwanza.

"Yaani hata chakula chake kinalishwa?"

Kisha akaniuliza, "Na yule wako ulimlisha nini?"

Yule wangu. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi kambini, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari kama chai yenyewe. Nilimkuta kinyonga kwenye ua. Wenzangu walikimbia, mimi nikamwingiza kwenye katoni. Nikampa ugali. Siku ya pili nikampa ugali na sukuma, nikidhani labda anataka mboga. Maji nikamwekea kwenye kifuniko cha soda. Siku ya tano nilimkuta amekauka, rangi ya majivu, macho yameingia ndani. Mamangu alinipa jembe nikamzike, hakunigombeza.

Sasa nikajua nilichokosea. Kinyonga hula kinachosogea, na ugali hausogei. Maji huyanywa yakiwa matone juu ya majani, kama umande, kwa hivyo kile kifuniko huenda hakukiona kabisa. Lakini nilipozidi kusoma usiku ule, nikakuta kosa langu lina ndugu wakubwa.

Kenya ina kinyonga maarufu, yule ambaye dume lake lina pembe tatu. Mwaka 1896 George Boulenger, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, alimpa jina la Frederick Jackson, ofisa wa kikoloni ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Pembe zile zilimponza. Kwa miaka mingi vinyonga hawa walikamatwa milimani na kusafirishwa hai kwenda kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1972 kundi moja lilifika Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu. Walifika wamekonda na wamekaukiwa na maji. Mtu yule akawaachia kwenye bustani yake wajilishe wenyewe, wapate nguvu.

Walipata nguvu, wacha tu. Mji ule una mvua, milima iko karibu na wadudu ni tele, na kinyonga huyu hatagi mayai, huzaa watoto hai wanaoanza kuwinda mara moja. Leo wamo katika visiwa kadhaa vya Hawaii. Kenya ilipofunga biashara hiyo 1981, wao walikuwa wameshakuwa wenyeji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa walijitwalia shamba. Mwaka 2010 watafiti walichapisha walichokikuta matumboni mwao: konokono wa asili ya Hawaii, wakiwemo walio hatarini kutoweka. Kisa chote kilianza kwa mtu aliyeshindwa kuwalisha wageni wake.

Nikarudi kwenye katoni langu. Kwa nini ugali? Kwa sababu ndicho chakula nilichokijua, na hilo nalo lina historia. Kampuni za Waingereza zilipoanzisha mashamba makubwa ya chai hapa miaka ya 1920, kwenye ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Wakipsigis, mfanyakazi alilipwa mshahara na posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Neno limeganda hivyo hivyo. Hadi leo tunakosaga mahindi tunakuita posho mill, na jirani zetu wa Uganda ugali wenyewe wanauita posho. Watu waliokuwa na wimbi, maziwa na managu wakawekwa kwenye hesabu ya kitu kimoja kinachojaza tumbo.

Na haikuwa siri kwamba unga peke yake hautoshi. Mwaka 1931 John Boyd Orr, ambaye baadaye aliongoza shirika la chakula la Umoja wa Mataifa na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani 1949, alichapisha pamoja na daktari Gilks wa serikali ya koloni utafiti uliolinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Waliokula nafaka zaidi, bila maziwa, walikuwa na matatizo zaidi ya mifupa na meno. Kalsiamu ilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyataja. Inaniuma kidogo kwamba watu walipimwa kama ng'ombe wa maonyesho, lakini jibu lilikuwa pale, limechapishwa. Posho iliendelea kuwa unga.

Nilimaliza makala saa tisa usiku. Niliandika kila kitu: unga wa matunda, nyenje, kalsiamu, maji ya kunyunyiza jioni. Mteja alifurahi, akalipa, akaiweka mtandaoni kwa jina la mtu mwingine.

Asubuhi mamangu alikuwa ameshavaa gambuti na aproni ya plastiki. Kwenye kikapu chake alikuwa ameweka chupa ya chai na ugali wa jana uliofungwa kwenye karatasi. Nilimwomba asubiri. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikachuma managu, nikayachemsha haraka, nikatia maziwa kidogo.

Alinitazama nikimfungia.

"Leo umenifanya yule mjusi wako," akasema, akaubeba mzigo wake na kuondoka.