Wakala wa Sirari na Mabwana Wawili

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya bima Tanzania Bara ilikabidhiwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Wakala wa Tarime au Mugumu alikuwa na bwana mmoja. Akikosea, mlalamikaji alijua mlango wa kubisha. Sheria ya Bima ya 1996 ilizikaribisha kampuni binafsi, na mlango ule ukapotea.

Nilishuhudia jambo hilo Sirari, mpakani. Mwenye meza alikuwa wakala wa kampuni moja, na papo hapo akiwatafutia wateja bima kwingineko. Alimkatia baba yangu mdogo bima ya basi dogo, akakosea namba ya gari. Ajali ilipotokea, kampuni ilidai siku ile alimtumikia mteja. Yeye akajibu kuwa ni mkono tu wa kampuni.

Sheria ya Mikataba ya 1961 humfunga aliyemtuma wakala kwa matendo yaliyo ndani ya mamlaka aliyompa. Ugomvi wote uko hapo, kwenye mamlaka. Kwa hiyo bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa hasara itokanayo na kosa la mtoa huduma, haina budi kutaja kazi zake zote mbili. Yule hakuwa nayo hata kwa moja.

Baba mdogo aliuza ng'ombe wanne.