Simba, Twiga na Mistari ya Bawa: Ndege Zinavyotambulika kwa Rangi Zake

Mwezi Juni 1916 ndege ya majini ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo, ikafika juu ya bandari ya Kigoma na kudondosha mabomu. Iliyolengwa ni Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani iliyofungwa mizinga, ambayo wasafiri wa ziwa hilo waliijua baadaye kwa jina la Liemba. Rubani alikuwa Mbelgiji, Aimé Behaeghe. Ndege yake, aina ya Short 827, ilikuwa mojawapo ya nne ambazo Waingereza waliwapa Wabelgiji. Zilisafirishwa vipandevipande kwa meli hadi Matadi, zikapandishwa bara kwa mto na reli, kisha zikaunganishwa Mtoa, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie.

Watu wa mwambao huo, kuanzia Ujiji hadi vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo, wakaanza kuishi chini ya anga yenye ndege. Swali lililozaliwa siku hizo halijafa hadi leo: ile ni ya nani, na inaelekea wapi?

Rangi ndiyo iliyopewa kazi ya kulijibu. Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1914, askari wa miguu walikuwa wakifyatulia risasi kila kilichoruka, hata ndege za jeshi lao wenyewe. Waingereza wakajaribu kuchora bendera yao chini ya mabawa. Kumbe kwa mbali msalaba wa bendera hiyo ulifanana na msalaba mweusi wa Wajerumani, na risasi zikaendelea. Kabla mwaka haujaisha wakaiga duara la Wafaransa na kugeuza mpangilio wake: nyekundu katikati, nyeupe, kisha buluu kwa nje. Wabelgiji nao wana lao, jeusi katikati, njano, halafu nyekundu. Duara lilishinda kwa sababu linasomeka vilevile hata ndege ikilala ubavu au ikigeuka chali, na hakuna umbo jingine lililolipita tangu hapo.

Majini, mwaka huohuo wa 1916, Wajerumani walikuwa na haja ya kinyume. Mzinga mkubwa wa Götzen, uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji, uliondolewa ukapelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mti uliochongwa kwa umbo la mzinga ili adui aliye mbali aendelee kuogopa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Grisi hiyo ilifanya kazi ambayo rangi yoyote ya chuma ingeionea fahari: meli ilipoinuliwa mwaka 1924, mitambo ilifaa kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Zile Short 827 zenyewe zilikuwa mbao na kitambaa. Mifupa ya mabawa ilivikwa kitani, kisha kitani kikapakwa dopu, majimaji makali ya selulosi ambayo yakikauka hukivuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Bila dopu bawa lingelegea, lingenyonya unyevu wa ziwa, na ndege isingeinuka majini. Kwa hiyo mipako ya kwanza kupita juu ya Kigoma haikuwa urembo hata kidogo; ilikuwa sehemu ya bawa, sawa na ubao na waya. Wapenzi wa ndege ndogo za mfano waliurithi ufundi huo ulivyo. Kwa miongo mingi ndege zao zilivikwa karatasi laini au hariri, zikapakwa dopu mikono kadhaa na kupigwa msasa katikati ya kila mkono. Katika miaka ya 1960 ndipo zilipokuja karatasi za plastiki zenye rangi tayari, kama MonoKote ya Marekani, zinazobandikwa kwa pasi ya moto na kujivuta zenyewe.

Anayerusha ndege ya mfano kwa rimoti analijua swali la 1916 kuliko rubani yeyote aliyekaa ndani ya ndege. Amesimama chini. Ndege ikifika mita mia na hamsini hivi inageuka kivuli, na kivuli hakisemi kama kinakuja au kinaondoka, wala kama tumbo liko juu au chini. Akikosea kusoma, atapinda kushoto akidhani ni kulia, na kazi ya miezi mingi itaishia kwenye majani. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupaka juu ya bawa rangi moja angavu, kama nyekundu au njano, na chini ya bawa wakaweka mistari mipana ya giza au miraba ya nyeusi na nyeupe. Wengine hupaka ncha ya bawa moja tofauti na ya pili. Mistari myembamba ya urembo kando ya bodi hupendeza ndege ikiwa mezani. Ikishapaa, jicho haliioni. Fundi anayeanza na mistari hiyo kabla ya kufikiria tumbo la bawa ameanza mwisho.

Baada ya vita, mataifa yalikubaliana mjini Paris mwaka 1919 kwamba kila ndege ibebe herufi za usajili. Baadaye herufi za ndege za Tanganyika zikaanza na VR-T, za Kenya VP-K, za Uganda VP-U. Baada ya uhuru zikawa 5H, 5Y na 5X. Herufi kubwa nyeusi ubavuni ndizo zilizokuwa pambo kuu la zama hizo, kwa sababu ndege nyingi zilikuwa za rangi ya fedha tupu. Ni katika zama hizo Imperial Airways ilipofungua safari ya barua kutoka London hadi Mwanza, mwaka 1931. Baadaye mashirika yalianza kupaka nyeupe sehemu ya juu ya bodi, na sababu yake inaeleweka haraka kwa mtu wa nchi za jua kali: nyeupe hurudisha joto, na ndege iliyosimama uwanjani mchana haigeuki tanuri. Mbele ya kioo cha rubani waliweka paji jeusi lisilong'aa ili mwanga usimpige machoni. Mafundi wa ndege za mfano hulinakili paji hilo kwa uaminifu, ingawa ndani ya ndege zao hakuna macho ya kulindwa.

Shirika la East African Airways lilianza safari mwaka 1946 likiwa na ndege ndogo sita aina ya Dragon Rapide, na nembo yake ikawa simba. Miaka ishirini baadaye lilikuwa likirusha Super VC10, ndege ya injini nne mkiani, moja ya ndege nzuri zaidi kuwahi kutua Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe. Nchi tatu zilizolimiliki ziligawana hata herufi: Super VC10 tatu za kwanza zilisajiliwa moja Uganda kama 5X-UVA, moja Tanzania kama 5H-MMT, na moja Kenya kama 5Y-ADA. Aliyesimama chini aliona simba mmoja. Aliyesogea karibu akasoma nchi tatu.

Mwaka 1977 umoja huo ulivunjika, na kuvunjika kwake kunasomeka kwenye mikia ya ndege pengine vizuri kuliko kwenye mikataba. Simba hakurithiwa na yeyote. Kenya Airways ilichukua mistari myeusi, myekundu na ya kijani ya bendera ya taifa. Uganda Airlines, iliyoundwa mwaka mmoja kabla, ilimpandisha korongo mwenye taji. Tanzania iliunda shirika lake Machi 1977, ikamchagua twiga, na Boeing 737 zake mbili zikaitwa Kilimanjaro na Serengeti. Ulikuwa uchaguzi wa busara. Shingo ya twiga ina mstari mmoja mrefu ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuuchora, na mtu aliye kando ya uwanja ataujua hata asipoweza kusoma jina la shirika.

Twiga huyo amepita vipindi vigumu. Ubia na South African Airways ulioanza mwaka 2002 ulivunjika mwaka 2006, na miaka iliyofuata ilifika hatua ndege za shirika zikawa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Septemba 2016 ziliwasili Q400 mbili mpya za pangaboi, zenye viti 76 kila moja, na Kigoma ikawa miongoni mwa vituo vyake. Tarehe 8 Julai 2018 ikatua Boeing 787 yenye maandishi Kilimanjaro na kaulimbiu ya serikali ya wakati huo, Hapa Kazi Tu. Airbus A220 zilizofuata zikaitwa Dodoma na Ngorongoro.

Tofauti kati ya 787 hiyo na Boeing 737 za mwanzo imo pia ndani ya rangi yenyewe. Ndege za alumini zingeweza kurushwa zikiwa tupu, na American Airlines ya Marekani ilifanya hivyo kwa miongo mingi ili kukwepa uzito. Rangi ya ndege kubwa kama Boeing 747 hufikia takriban robo tani. Bodi ya 787 ni ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na jua la angani huila gundi hiyo. Lazima ipakwe. Baada ya miaka mia, rangi imerudi kwenye kazi ya dopu ya Mtoa: kulinda ngozi ya ndege.

Uzito huo unawasumbua wakubwa na wadogo. Fundi wa ndege ya mfano akipuliza rangi nyingi mkiani, mizani ya ndege hurudi nyuma. Kwa kuwa mkia uko mbali na bawa kuliko pua, gramu moja ya rangi nyuma inaweza kudai gramu mbili au tatu za risasi puani. Kwenye ndege za abiria na za mafunzo, vipande vinavyochezeka vya bawa na mkia hupimwa upya uwiano wake baada ya kupakwa, kwa sababu kipande kilichoelemewa nyuma kinaweza kuanza kutetemeka kwa kasi hadi kikang'oka. Mtu anayesema rangi ni mapambo tu hajawahi kusimama karibu na mizani ya mafundi hao.

Mkoa wa Kigoma una rangi nyingine inayoujua vizuri kuliko mikoa mingi ya Tanzania: nyeupe tupu yenye herufi mbili nyeusi, UN. Wakimbizi kutoka Burundi walipomiminika mwaka 1993, na wengine kutoka Zaire mwaka 1996, mashirika ya misaada yalikuja na magari na ndege za rangi hiyo. Hakuna simba wala twiga juu yake, na ndiyo shabaha yenyewe. Weupe huo unamwambia mwenye bunduki kwamba aliyemo si upande wa mtu yeyote. Hauwezi kumzuia asifyatue, ila unamnyima kisingizio cha kutojua.

Usiku rangi za bodi hazina msaada, kwa hiyo ndege hubeba taa: nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani. Mpango huo ndege ziliuchukua kwa meli, zilizouanza karne ya 19. Wavuvi wa dagaa wa Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini tu mwa Hifadhi ya Gombe, hukesha ziwani na taa zao katika giza la mwezi. Kwa mtu wa majini, chombo kinachoonyesha nyekundu na kijani kwa pamoja kinamjia usoni. Kinachoonyesha nyekundu peke yake kinampa ubavu wa kushoto. Ndege inayopita juu yake inafuata sheria ileile, na warushaji wa ndege za mfano wanaocheza usiku hufunga vitaa vya rangi hizohizo kwenye ncha za mabawa.

Ndege ndogo zisizo na rubani zimeshafika magharibi mwa Tanzania, tena kwa kazi nzito. Watafiti wamezirusha juu ya misitu ya huko kupiga picha za viota vya sokwe vilivyo juu ya miti, na matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2018. Mwaka huohuo ndege ya namna hiyo ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Zanzibar ilitangulia: kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kupiga picha visiwa vyote kwa ndege za povu aina ya eBee, kutoka kampuni ya senseFly ya Uswisi, zenye mabawa ya takriban mita moja.

Rangi za eBee ni nyeusi na njano. Angani nyeusi hujitenga na mawingu meupe, kwa hiyo anayeiongoza hapotezi umbo lake. Ikitua kwenye majani au kuangukia shambani, njano ndiyo inayomwongoza anayekwenda kuitafuta. Hakuna mstari wa urembo juu yake.