Mlango unaojifunga

Mlango unaojifunga ni mlango wa ndani ya nyumba ambao, ukiachwa wazi, hurudi wenyewe hadi kwenye fremu bila kusukumwa na mtu. Kasoro hii hutokana na mojawapo ya mambo mawili: mstari wa bawaba ambao haukusimama wima, au upepo unaopita ndani ya nyumba. Matibabu yake ni mepesi na vifaa vyake ni vichache, ila sababu ijulikane kwanza. Fundi anayeshika randa na patasi kabla ya kupima huharibu mlango mzima, na kasoro ikabaki pale pale.

Makala hii inaeleza kasoro hiyo kama inavyoonekana Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, na katika miinuko ya Mbinga iliyo juu yake.

Mazingira

Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Tangu hapo mji wa Mbamba Bay umejengwa kwa kasi: ofisi, nyumba za watumishi, nyumba za wageni na maduka, na barabara ya lami kutoka Mbinga imerahisisha kufikisha saruji na mbao. Nyumba nyingi za kuta imara ni za matofali ya kuchoma au ya saruji, zenye milango ya mbao inayoning'inia kwenye fremu za mbao.

Mambo matatu ya eneo hili yanahusu milango moja kwa moja. La kwanza ni upepo wa Ziwa Nyasa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Juu ya hapo, miezi ya kiangazi huleta upepo mkali wa kusini na kusini-mashariki, ule unaowazuia wavuvi kutoka.

La pili ni unyevu. Ziwa liko chini ya meta 500 juu ya usawa wa bahari, na pwani yake ni ya joto. Miinuko ya Mbinga hupita meta 1,300 na ina ubaridi. Masika, yanayoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, huvimbisha mbao, nacho kiangazi huzisinyaza.

La tatu ni ardhi. Ziwa limo ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Machi 1989 upande wa Salima, Malawi, na mfululizo wa matetemeko ya Desemba 2009 huko Karonga, yalibomoa nyumba nyingi kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa hilihili. Hata mtikisiko usiobomoa nyumba huweza kuisogeza fremu. Msingi ukititia upande mmoja, hasa kwenye mchanga wa ufukweni, matokeo ni hayohayo.

Kwa nini mlango hujifunga

Mlango huzunguka kwenye mstari mmoja wa kufikirika unaopita katikati ya pini za bawaba zote. Mstari huo ukiwa wima kabisa, mlango hauna pa kuangukia. Uzito wake uko kimo kilekile popote utakapoachwa, nao hutulia. Mstari ukilala kidogo, mlango hupanda kidogo unapoelekea upande mmoja na kushuka kidogo unapoelekea mwingine. Ukiachiwa, huteremka. Kanuni ni moja: mlango huelekea upande ule ambao kichwa cha mstari wa bawaba kimeinamia.

Kwa hiyo mlango hujifunga katika hali mbili:

1. Kichwa cha mwimo wenye bawaba kimeinamia ndani ya uwazi wa mlango, yaani upande wa kitasa.
2. Kichwa cha mwimo huo kimeinama kikiacha chumba ambacho mlango unafungukia.

Kinyume chake huleta kasoro pacha. Mwimo ukiinamia ukutani, mlango hujifungua hadi mwisho. Ukiinamia chumba cha kufungukia, mlango hutafuta kusimama katikati ya njia.

Nguvu inayohusika ni ndogo. Chukua mlango wa kilo 25 wenye upana wa sentimeta 80, ambao mwimo wake umeinama sentimeta moja katika kimo cha meta mbili. Nguvu inayousukuma, ikipimwa kwenye kitasa, haizidi uzito wa gramu 60 hivi, kiasi cha yai moja la kuku. Bawaba kavu au zenye kutu huzuia nguvu hiyo zenyewe. Bawaba mpya zilizotiwa mafuta haziwezi. Ndiyo maana mlango uliotulia kwa miaka huanza kujifunga wiki moja baada ya bawaba kupakwa grisi. Mafuta hayakuleta kasoro, yaliifichua.

Upepo ni nguvu ya daraja lingine. Upepo wa meta 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa, ukiupiga mlango wa meta mbili kwa sentimeta 80 uso kwa uso, huusukuma kwa nguvu ya hadi nyutoni 24, karibu uzito wa kilo mbili na nusu. Hiyo ni zaidi ya mara ishirini ya nguvu ya mwimo ulioinama katika mfano wa hapo juu. Tiba inayotosha mwinamo haiwezi kuushinda upepo.

Kutambua sababu

Funga madirisha yote na milango ya nje, tena wakati ambapo upepo wa ziwani umetulia, ili uhakika uwe kamili. Fungua mlango robo, uachie, kisha nusu, kisha wazi kabisa. Ukitulia kila mahali, tatizo ni upepo. Ukianza polepole na kuongeza mwendo kadiri unavyoteremka, tatizo ni mwinamo.

Mwinamo ukithibitika, pimwa kwa timazi. Asiye na timazi la fundi atafute mshipi wa kuvulia na chubwi lake, vitu visivyokosekana katika mji wa wavuvi. Tundika uzi mbele ya pini ya bawaba ya juu, uache chubwi litulie karibu na pini ya bawaba ya chini, kisha pima kwa milimeta umbali kati ya uzi na pini zote mbili. Pima mara mbili: ukitazama mwimo kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Kipimo cha kwanza hueleza hali ya kwanza iliyotajwa hapo juu, cha pili hueleza ya pili. Mara nyingi zote mbili zipo, moja ikiwa kubwa.

Anayetumia pimamaji aihakiki kabla ya kuiamini: aiweke ukutani, asome mahali povu liliposimama, kisha aigeuze uso wa pili na kuirudisha palepale. Povu likihama, pimamaji ndiyo mbovu.

Kagua pia skrubu. Bawaba ya juu hubeba mvuto mkubwa kuliko ya chini, na ikilegea mlango hutoka kwenye mstari hata kama fremu ni nzima. Shika mlango upande wa kitasa, uunyanyue. Bawaba ikicheza, anza na hiyo.

Namna ya kurekebisha

*Kukaza bawaba.* Tundu la skrubu lililopanuka lijazwe vijiti vya mti laini vilivyopakwa gundi ya mbao, viachwe vikauke usiku kucha, vikatwe sawa na uso wa mbao, kisha skrubu irudishwe. Mwimo ukiwa mnene, skrubu ya inchi 3 badala ya ile fupi hushika vizuri zaidi.

*Kusogeza mstari wa bawaba.* Hii ndiyo tiba ya kweli. Katika hali ya kwanza, bawaba ya chini hutolewa kwenye mwimo na kuwekewa kipande nyuma yake ili isogee kuelekea kitasa, au bawaba ya juu huzamishwa zaidi kwenye mbao kwa patasi. Kipande hicho kikatwe kwenye karatasi ngumu ya boksi au, kwa nyumba za ufukweni zenye unyevu, kwenye plastiki ya dumu kuukuu, ambayo haiozi. Bawaba mbili zikiwa zimeachana meta moja na nusu, kipande cha milimeta 2 hunyoosha mwinamo wa milimeta 2.7 katika kimo cha meta mbili. Mlango ulioinama milimeta 3 hupona kwa kipande kimoja. Ulioinama sentimeta nzima unahitaji milimeta 7.5, na hapo inafaa kuzamisha bawaba ya juu na kuinua ya chini kwa pamoja.

Baada ya hapo tazama nafasi kati ya mlango na mwimo wa kitasa. Kuinua bawaba ya chini huisogeza pembe ya chini ya mlango. Milimeta 2 au 3 za nafasi zibaki kila upande.

Katika hali ya pili, bawaba ya juu husogezwa kuelekea chumba cha kufungukia, au ya chini husogezwa kinyume chake. Matundu ya zamani yazibwe kwanza, la sivyo skrubu mpya itateleza na kurudi palepale. Msogeo wa milimeta 2 au 3 hutosha milango mingi, ingawa mlango utachomoza kidogo kwenye fremu upande ule.

*Kuongeza ukinzani.* Kwa bawaba ambazo pini yake hutoka, pini moja huchomolewa, hulazwa juu ya saruji na kugongwa nyundo katikati mpaka ipinde kidogo sana, kisha hurudishwa. Kupinda huko huibana bawaba na kuufanya mlango utulie. Njia hii huchukua dakika chache na hufaa mwinamo mdogo. Bawaba za bei nafuu ambazo pini yake imefungwa ncha zote mbili hazifanyiwi hivyo.

*Kuzuia upepo.* Mlango unaopigwa na upepo hushikwa kwa ndoano ya ukutani, kizuizi cha sakafuni au kabari ya mbao. Matundu ya hewa juu ya mlango hupunguza tofauti ya msukumo kati ya vyumba, na mlango hugonga kwa nguvu ndogo. Kipande cha raba kwenye fremu huokoa kitasa, lipu na vidole vya watoto.

*Kusimamisha fremu upya.* Mwinamo ukizidi sentimeta moja na kidogo, au fremu ikiwa imepinda yenyewe, fremu hutolewa na kupachikwa upya. Nyufa mpya zinazoanzia kwenye pembe za fremu na kupanda mshazari ukutani ni dalili kwamba ukuta au msingi umesogea. Hapo mwashi aitwe kabla ya seremala.

Mambo ya kuepuka

Mlango usipigwe randa wakati wa masika kwa kosa la kujifunga. Mbao iliyovimba hukwaruza fremu na huweza hata kuficha kasoro, kwa kuwa mlango unaokwaruza hautembei; ukikauka Juni, huanza kujifunga tena, sasa ukiwa na pengo lisiloweza kurudishwa. Vilevile bawaba zisiachwe bila mafuta makusudi. Chuma kikavu hulika, na mlango hulegea.

Mahali ambapo kujifunga kunatakiwa

Mlango wa wavu ufukweni unatakiwa ujifunge, maana ukiachwa wazi jioni mbu huingia. Milango ya choo na jiko hunufaika pia. Kwa hiyo fundi mwerevu huuinamisha mstari wa bawaba za mlango wa wavu kwa makusudi, kwa kanuni ileile, au huweka bawaba za springi. Kwa kuwa wavu ni mwepesi na hupitisha upepo, hauvunji kitu unaporudi.

Kinga

Kasoro nyingi za mwinamo huzaliwa siku fremu inaposimamishwa. Kwa kawaida fremu huegemezwa kwa miti, matofali yakajengwa kandokando yake, na mti mmoja ukisukumwa na toroli au bega la kibarua, fremu huondoka kwenye wima bila mtu kuona. Timazi lipite kwenye mwimo wa bawaba kabla ya kujenga, baada ya kozi chache za kwanza, na kabla ya kuweka lenta.

Mbao nazo zichaguliwe. Mninga unasifiwa kwa kutulia: husinyaa kidogo na haupindi ovyo. Mkaratusi uliopasuliwa mbichi hupinda. Paina, inayopatikana kwa wingi kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu kusini, ni nyepesi na hufaa milango ya ndani ikiwa imekauka sawasawa. Mbao zinazoshushwa kutoka miinuko yenye ubaridi hadi pwani ya ziwa zipewe muda zizoee hewa mpya chini ya kivuli, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, kabla hazijageuzwa fremu. Mlango wa mbao nzito upewe bawaba tatu, zote zikipangwa kwenye mstari mmoja.

Mwenye nyumba anayepokea kazi kutoka kwa fundi aufungue kila mlango nusu na kuuachia, madirisha yakiwa yamefungwa. Mlango uliopachikwa vizuri hubaki pale ulipoachwa, na usiobaki urekebishwe kabla ya malipo ya mwisho.